Piano, selo na filimbi: kabla hamjakodi maikrofoni

Mkuu, umeuliza kama mkodi maikrofoni. Mko watatu, wa piano, wa selo (ile fidla kubwa inayopigwa umekaa) na wa filimbi, mnataka kuwapigia majirani muziki wa saa moja, na kila aliyepita mazoezini anasema anasikia piano tu. Mimi ni mpiga selo wa ridhaa na nimepiga kwenye kundi kama lenu miaka kadhaa. Nakuomba msikodi. Maikrofoni zitakuza mvurugano uleule.

Kwanza jueni unatoka wapi. Mtunzi Haydn aliandika trio tatu, yaani vipande vya vyombo vitatu, za piano, filimbi na selo mwaka 1790. Piano za enzi zake zilikuwa nyepesi, fremu ya mbao, sauti inakufa upesi. Ndiyo maana humo selo kwa sehemu kubwa inafuata mkono wa kushoto wa piano noti kwa noti: kazi yake ilikuwa kuutia nguvu. Zipige noti hizohizo kwenye piano kubwa ya leo yenye fremu ya chuma, msaada huo hautakiwi tena na selo inamezwa mzimamzima. Mpiga piano wetu alipolielewa hili alianza kuupunguza mkono wa kushoto kila tulipokuwa kwenye mstari mmoja, akaniachia mimi niubebe. Hakubadilisha kitu kingine, na mazoezi yaliyofuata waliokaa nyuma wakasema sasa selo ipo.

Filimbi ina shida ya aina nyingine. Noti yake ya chini kabisa ni ile do ya katikati ya piano, na oktavu yake ya kwanza, yaani zile noti nane za chini, ni laini, imejaa pumzi, nzuri mno, ila haina nguvu ya kushindana na mtu. Ikipanda juu haina haja ya kusaidiwa, inajisikia yenyewe hata piano ikinguruma. Basi kaeni watatu na penseli, mtie alama kila mahali filimbi inaposhuka kwenye oktavu ile. Hapo piano inyamaze nusu, hata kama karatasi imeandikwa pigeni kwa nguvu. Alama ile mtunzi aliiandika kwa piano aliyokuwa nayo yeye.

Wengi watawaambia mfunge kifuniko cha piano. Sisi tulijaribu, tukajuta: sauti ikawa kama inatoka chini ya blanketi, na mpiga piano, kwa kuwa hajisikii, akaongeza nguvu. Tuliishia kuweka kifuniko kwenye kijiti kifupi na kupunguza kukanyaga pedali ya kulia, ile inayoziacha noti ziendelee kulia. Nadhani pedali ndiyo mkosaji mkubwa kuliko kifuniko. Ikikanyagwa muda mrefu, noti za chini zinarundikana na ndizo zinazoifunika selo.

Kukaa pia kuna maana. Filimbi asimame kwenye ule mkunjo wa piano, selo mbele kidogo, uso kwa wasikilizaji, na mpiga piano aone mambo mawili bila kugeuza shingo: upinde wa selo na mabega ya filimbi. Filimbi akivuta pumzi, mabega yanawaambia lini mwingie. Na pumzi hiyo mpeni muda, msimkimbize mtu anayeishi kwa mapafu. Halafu sakafu! Onyesho letu la kwanza lilikuwa kwenye ubao uliopakwa nta, na katikati ya sehemu ya polepole ile ncha ya chuma inayoishikilia selo ikateleza. Chombo kikaniponyoka magotini, wenzangu wakasimama, tukaanza upya. Iliniuma sana, kwa sababu ukumbi ulikuwa umetulia kabisa. Tangu siku hiyo nina mkanda unaofungwa kwenye mguu wa kiti, ncha inakaa kwenye tundu lake.

Kuhusu kutyuni, yaani kulinganisha sauti za vyombo: piano haiwafuati ninyi, ninyi mnaifuata. Fundi aje siku hiyohiyo, piano ikishakaa mahali itakapopigiwa. Watu wakijaa na ukumbi ukapata joto, filimbi inapanda na nyuzi za selo zinalegea zinashuka, yaani mnakimbiana pande mbili. Chukueni noti ya "la" kutoka piano kabla ya kila kipande, si mwanzoni tu. Hakuna msikilizaji atakayewalaumu kwa nusu dakika hiyo.

Umeuliza pia mpige nini. Haydn mmoja kufungua, kisha Weber, trio ya mwaka 1819. Hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote za vyombo hivi, maana selo ina maneno yake mwenyewe, na sehemu ya tatu, kilio cha mchungaji, inamfikia hata mtu ambaye hajawahi kuona selo. Mkiwa na uwezo na muda, tafuteni trio ya mtunzi Louise Farrenc. Mumewe alikuwa mpiga filimbi na mchapishaji wa muziki, yeye mwenyewe alifundisha piano kwenye konsavatori, chuo cha muziki, ya Paris miaka 30, na inasikika kwamba aliijua filimbi kwa karibu, anajua lini aipishe. Martinů wa mwaka 1944 ni mchangamfu na mtamu, ila midundo yake inahitaji miezi. Msimpange kama mmebakiza wiki tatu.

Kabla ya kila kipande mmoja wenu aseme sentensi mbili tatu: kina sehemu ngapi, na kitu kimoja cha kusikiliza. Wakipiga makofi katikati, pokeeni. Wamefurahi.

Sasa lile la maikrofoni. Mazoezi yenu mawili ya mwisho yafanyikie ukumbini penyewe, na mtafute mtu mmoja mwenye masikio, hata kama hasomi noti, akae kiti cha mwisho kabisa. Mpeni kazi moja: ainue mkono wa kushoto kila anapoipoteza selo, wa kulia kila anapoipoteza filimbi. Mpiga piano amtazame yeye, si karatasi. Sisi mara ya kwanza mikono yote miwili ilikuwa juu karibu muda wote. Mara ya tatu yule dada aliyekaa nyuma aliiweka mikono mapajani, akafumba macho, akasahau kuiinua.