Bunduki ya babu: mwambie huyo fundi asije Jumamosi

Mkuu, uzi wako nimeusoma nikaganda kwenye mstari wa mwisho. Umerithi Mauser ya babu, unauliza itakuwa na thamani gani, utajuaje kama ni ya kiwandani au ya kuungaunga, kibali unakifuatiliaje, na kama bado inafaa kupigwa. Halafu unamalizia kama mtu anayesimulia habari za kuosha baiskeli: Jumamosi kuna fundi anakuja kuipiga msasa na kuirudishia weusi wake, ing'ae kabla hujamwita mnunuzi.

Acha kusoma, mpigie simu kwanza. Mwambie umefiwa. Si uongo, babu kafariki kweli.

Mimi ninayekuandikia nilitoa shilingi 180,000 mfukoni mwangu, kwa hiari yangu, nikapoteza zaidi ya milioni tano. Na fundi nilimwongezea hela ya soda kwa kazi nzuri.

Ya kwangu ni Mauser ya risasi ya 9.3x62. Babu mzaa mama alikuwa bwana nyama. Baada ya Uhuru aliuziwa na mlowezi mmoja wa kahawa kule Oldeani aliyekuwa anafungasha mizigo. Mzee alipofariki ikakaa polisi mpaka kibali changu kilipotoka, maana kibali cha marehemu hakirithiwi. Nikaipokea. Kitako kimekuwa cheusi kwa jasho la mikono ya mzee, mtutu umepauka ukawa kama kijivu kama kahawia, na karibu na mdomo wa mtutu kuna madoa ya kutu kama tetekuwanga. Mimi nikaona uchafu. Miaka 40 ya mkono wa babu yangu, nikaona uchafu!

Nikapiga picha, nikamtumia mwindaji mmoja wa Arusha anayekusanya bunduki za zamani. Akajibu siku hiyohiyo: kama iko hivyo inavyoonekana, 6,500,000.

Ningekuwa na akili ningepanda basi usiku uleule. Badala yake nikaenda kuomba ushauri kwa bwana mmoja pale mjini anayejiita mtaalamu wa silaha. Sasa najua utaalamu wake: anakuunganisha na fundi, kisha anapita kwa fundi kuchukua chake. Akaniambia, "Kijana wangu, bunduki ni kama gari. Ukipeleka sokoni na vumbi, unapewa bei ya vumbi." Nikaona hekima hiyo! Nikamnunulia supu na chapati mbili. Zile chapati zinaniuma mpaka leo kuliko zile 180,000.

Fundi alikuwa mpole, mcheshi, na muuaji. Alifungua skrubu kwa bisibisi ya redio, vichwa vyote vikachanika. Mtutu na mwili wa chuma akavipeleka kwenye mashine ya kung'arishia, ile ya gurudumu la kitambaa, kisha akapaka dawa ya kutia weusi. Kitako alikipiga msasa mpaka zile nakshi za kushikia zikalainika kama sabuni, juu yake akapiga vanishi ya milango, mikono mitatu. Ikang'aa kama jeneza la tajiri. Nikampigia yule wa Arusha nikamwambia tu aje, sikumwambia kitu. Nilitaka ashangae.

Alishangaa.

Hakutazama hata ndani ya mtutu. Alichukua ukucha wa dole gumba akaupitisha pale mbao inapokutana na chuma, ukucha ukakwama. Akanieleza kwamba kiwandani mbao huachwa sawa na chuma au juu yake kidogo. Yangu ilikuwa imezama chini, kwa hiyo msasa umeila. Akatazama matundu ya skrubu: kingo zake zilitakiwa ziwe kali, zangu zilikuwa zimebonyea kama visahani, ndivyo gurudumu linavyofanya. Halafu akageuza ile sehemu ya mbele ya mwili wa chuma, pale mtutu unapoingia, akaniuliza, "Hapa paliandikwaje?"

Mkuu, sikujua. Sikuwahi kupasoma.

Nisikilize hapa, maana ndiyo elimu yote niliyonayo. Kiwanda cha Mauser cha Oberndorf, kule Ujerumani, kiliandika jina lake kwenye bunduki za kuwindia. Mpaka 1922 kampuni iliitwa Waffenfabrik Mauser, kuanzia hapo ikawa Mauser-Werke. Kwa hiyo maneno mawili tu yanampa mnunuzi umri wa bunduki bila kukuamini wewe wala hadithi za babu yako. Kwenye mtutu kunakuwa na alama ndogo za taji na herufi, ndizo za majaribio ya serikali ya Kijerumani. Ukiona N chini ya taji, bunduki ilijaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Alama zenyewe hugongwa kidogo tu, kina chake kama mkwaruzo wa sindano. Gurudumu la fundi halihitaji dakika mbili kuzimaliza. Mimi nililipia kuchanwa kwa cheti cha kuzaliwa.

Akanipa 1,200,000. "Ni ya kupigia ngiri," akasema, akawa anafuta vidole kwenye suruali. Nikakataa kwa hasira, kana kwamba kosa ni lake. Yule mtaalamu wa supu nilipompigia alinijibu kwamba soko limeshuka. Soko! Kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa!

Basi wewe chukua kitambaa cha pamba, tone mbili za mafuta ya cherehani, futa vumbi, ishia hapo. Usitumie stilwaya wala msasa laini, na usimsikilize atakayekwambia "kidogo tu". Kutu ikiwa haikui tena, iache. Kisha soma kila herufi na kila namba. Angalia kama namba ya kwenye komeo, kile chuma unachovuta nyuma kuingiza risasi, ni ileile ya kwenye mwili, na kama kuna mtu aliwahi kutoboa matundu ya kufungia darubini, au kukata kitako apachike mpira. Hayo yote yanashusha bei, ila walau uliyakuta. Na ukikuta jina la Rigby wa London juu ya mtutu, usishtuke ukadhani umeuziwa feki, walikuwa wanajenga bunduki zao kwa mwili wa Mauser, na namba yake inaweza kutafutwa kwenye vitabu vya mauzo vya kampuni. Kama fundi hajaifuta.

Umesema ni ya "milimita 8". Hapo sitanii. Za zamani zina tundu la mtutu jembamba kidogo, kwa risasi yenye kipenyo cha inchi 0.318. Jeshi la Kijerumani lilihamia 0.323 mwaka 1905, lakini watengenezaji wa bunduki za kuwindia waliendelea na ile ya kwanza kwa miaka mingi. Ukiisukuma risasi nene kwenye mtutu mwembamba, msukumo unapanda na chuma kinaweza kukupasukia usoni. Usiipige mpaka mtu mwenye leseni ya kazi hiyo aupime mtutu. Na kidokezo cha kwanza atakachokitafuta ni alama zilizogongwa, zilezile ambazo rafiki yako wa Jumamosi anataka kuzing'arisha.

Bei sikwambii, sijaiona. Piga picha pale mbele palipoandikwa, mchana, kivulini, bila flashi, ziba tarakimu mbili za mwisho za namba, uiweke hapa.

Yangu bado ninayo, imefungiwa kabatini, inang'aa vilevile. Mke wangu akiitaja huiita "ule mlango".