Kwa nini bei hupanda haraka na kushuka polepole

Ndugu, umeuliza kwa nini mafuta yakipanda nauli ya teksi hupanda siku hiyo hiyo, lakini yakishuka nauli hubaki palepale. Sababu moja ni kwamba hapa Uganda serikali haipangi bei ya mafuta. Kila kampuni hujipangia, na kwa kuwa nchi haina bandari na sehemu kubwa ya mafuta hupitia Kenya, hitilafu yoyote mpakani Malaba au Busia huhisiwa Kampala upesi, kama ilivyokuwa Januari 2022. Dereva naye, ambaye kila jioni hupeleka hesabu isiyobadilika kwa mwenye gari, hana haraka ya kupunguza nauli ambayo abiria wamekwisha kuizoea, na sidhani kwamba tunaweza kumlaumu yeye peke yake.

Anayeumia zaidi ni mfanyakazi wa mshahara, kwa sababu kima cha chini cha mshahara kilichopo kisheria, shilingi 6,000 kwa mwezi, ni cha mwaka 1984 na hakijawahi kurekebishwa. Mwaka 2022 Benki ya Uganda, yaani benki kuu ya nchi, ilipandisha riba yake hadi asilimia 10 ili kupunguza kasi ya bei, hatua ambayo naiona ilikuwa na msingi, ingawa mikopo ilipokuwa ghali wenye biashara ndogo walipunguza vibarua kwanza, kabla ya kugusa bei ya sabuni au mafuta ya kupikia.