Ingia maktaba na swali lako lote

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, karibuni chuo. Nimekaa kaunta ya maktaba hapa Unguja miaka 11 sasa, na kila mwaka mpya wa masomo naliona jambo lile lile. Mwanafunzi anaingia, anatafuta meza iliyo karibu na feni na soketi ya umeme, anachomeka simu, anafungua daftari lake na kusoma maandishi ya darasani mpaka adhana ya Alasiri. Kisha anakwenda zake. Hakugusa rafu, hakumuuliza mtu kitu. Meza na feni ni haki yake, lakini inaniuma, kwa sababu na mimi nilisoma hivyo hivyo mwaka wangu wa kwanza wote. Tasnifu niliyokuwa naihitaji, utafiti ulioandikwa na mwanafunzi aliyenitangulia, ilikuwa nyuma ya ukuta niliouegemea, na nikaja kujua siku ambayo kazi yangu imeshakusanywa.

Basi nililo nalo la kukuambieni ni moja, na mengine yanafuata hapo: mkutubi mpe swali lako lilivyo, usimpe jina la somo.

Mwaka juzi alinijia kijana wa Micheweni. Alisimama pembeni kidogo ya kaunta, kama anayeogopa kunisumbua.

"Assalamu alaykum, dada. Naomba kitabu cha kilimo."

"Waalaykumu ssalamu. Kilimo cha nini, mdogo wangu?"

"Cha kawaida tu."

Ningeweza kumwonesha rafu ya 630, ya kilimo, nikaendelea na kazi zangu. Angeondoka na kitabu cha mahindi. Nikamuuliza mwalimu amempa swali gani hasa. Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. Mama yake analima mwani, na yeye alitaka kujua kwa nini mwani wa aina ya cottonii unakufa kila msimu wa joto na ule wa spinosum unavumilia. Nikamwambia avute kiti akae, maana hilo sasa lilikuwa swali.

Tulianza na katalogi kwenye kompyuta. Tuliandika "mwani", vikaja vitu viwili. Tukaandika jina la Kiingereza, vikaja vingi mno, nusu yake vya Ufilipino. Ndipo nikamwambia kuwa kitu kimoja kina majina mengi, na kila mwandishi ana lake. Cottonii ya sokoni, wanasayansi wanaiita Kappaphycus alvarezii, na makala za zamani zinaiita Eucheuma cottonii. Spinosum ni Eucheuma denticulatum. Tulipotafuta kwa majina hayo na kuongeza neno Zanzibar, milango ikafunguka. Tena nikamkumbusha kwamba kilimo hiki kilianza kibiashara huku kwetu mwaka 1989, upande wa mashariki wa Unguja, kwa hiyo asipoteze muda na ripoti za kabla ya hapo. Baada ya saa moja alikuwa na tasnifu mbili na makala tatu mezani, anasoma jinsi maji yakipata moto matawi ya cottonii yanavyodhoofika, yanapauka na kukatika, ugonjwa unaoitwa ice-ice. Alikuwa ameuona kwa macho yake tangu mdogo, hakujua kama una jina.

Mambo ni hayo hayo kwa karafuu. Leo mkarafuu ni Syzygium aromaticum, lakini ukitafuta maandishi ya enzi za Waingereza utaukuta ndani ya jina la Eugenia. Na wanaosoma historia waangalie neno "Zanzibar" lenyewe: mwandishi mmoja anakusudia kisiwa cha Unguja peke yake, mwengine anaingiza na Pemba. Ukisoma kuwa kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Zanzibar, jua ni ya Unguja. Pemba ilisalimika, na ndiyo ikaja kuwa kisiwa cha karafuu. Kwa hiyo ukifika kwenye faharasa ya kitabu cha zamani, tafuta majina yote mawili.

Nambari iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu nayo inawatisha wengi bure. Sisi tunatumia mpango wa Dewey, na nambari ni anwani ya kitabu, kama vile mtaa na nyumba. Dini ya Kiislamu iko 297, lugha ya Kiswahili 496.392, fasihi yake 896.392, historia ya Zanzibar 967.81. Kosa ninaloliona kila wiki ni kusoma nambari za baada ya nukta kama hesabu ya kawaida. Mtu anaitafuta 496.392 baada ya 496.4, kwa kuwa 392 ni kubwa kuliko 4, haioni, anarudi kuniambia kitabu kimepotea. Soma tarakimu moja moja: 3 inatangulia 4, basi 496.392 iko kabla. Ukishakipata kitabu chako, usiondoke mbio. Tazama vitabu vitano vya kushoto na vitano vya kulia, ni ndugu zake, na mara nyingi kilicho bora ndicho ambacho hukukijua jina. Ukienda chuo kingine ukakuta herufi mgongoni badala ya nambari, huo ni mpango wa Library of Congress. Kiswahili kiko PL na historia ya Afrika iko DT.

Tasnifu haziazimwi, zinasomwa humu humu ndani. Nazipenda kuliko chochote katika maktaba yetu, kwa sababu ndimo mlimo na vijiji vyetu, skuli zetu na hospitali zetu, vitu ambavyo hutavipata katika kitabu kilichochapwa London. Anza na ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, halafu ruka mpaka marejeleo ya mwisho. Aliyeandika ametafuta miezi kadhaa, na orodha yake inakuonesha pa kuanzia.

Kuna rafu nyengine nyuma ya kaunta, ya vitabu ambavyo nakala ni moja na darasa ni zima. Hivi unapewa kwa saa chache, unaacha kitambulisho, hutoki navyo. Msituone wakali. Siku moja nilikifungua kitabu cha takwimu kilichorudishwa, nikakuta sura nzima haipo. Imekatwa kwa wembe, kwa uangalifu, vijisehemu vya karatasi vimebaki vimesimama kwenye mshono kama meno. Mtihani ulikuwa wiki inayofuata. Wanafunzi walikuja mmoja mmoja kuiulizia sura hiyo na sikuwa na la kuwapa. Aliyekata angeweza kuomba fotokopi ya kurasa alizozihitaji.

Hewa yetu ya bahari nayo ni adui wa karatasi. Wakati wa masika usikitie kitabu kwenye mkoba mmoja na mwavuli uliorowa. Kikirowa, kilete siku ile ile, usikifiche dakhalia mpaka kiote ukungu, na usikianike juani, maana karatasi zinajikunja na gamba linabanduka. Sisi tunakisimamisha mbele ya feni na kuweka karatasi kavu katikati ya kurasa. Tukikiwahi, kinapona.

Sasa ya mtandaoni. Wengi mnatafuta makala kwenye simu, mnafika mahali panapodai dola 30 au 40, mnakata tamaa. Msilipe hata senti. Njooni kwanza. Upo mpango unaoitwa Research4Life, ambao mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji wakubwa wanazifungulia taasisi za nchi kama yetu majarida ya kulipia: Hinari kwa afya, tangu 2002, Agora kwa kilimo na uvuvi, na mengine ya mazingira, teknolojia na sheria. Neno la siri analo mkutubi wa taasisi iliyojisajili, halibandikwi ukutani, lazima uombe. Kwa majarida ya Afrika yenyewe iko tovuti ya AJOL (African Journals Online), na makala nyingi humo ni bure. Ndugu zangu mnaosoma Pemba, haya yashikeni zaidi, maana makala ya mtandaoni haisubiri kuvushwa bahari.

Marejeleo yako yahifadhi tangu siku ya kwanza. Zotero ni programu ya bure, njooni tukuoneshe, ni kazi ya nusu saa.

Yako maswali ambayo maktaba ya chuo peke yake haiyatoshi. Nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Huko kuna barua za ubalozi mdogo wa Uingereza, majalada ya serikali ya zamani, na miswada ya hati za Kiarabu ambayo aliyepita chuo cha Kurani akajua kusoma ana faida kubwa juu ya wenzake. Lile gazeti la Kiingereza lililoanza kutolewa hapa mjini mwaka 1892, Gazette for Zanzibar and East Africa, nalo ulitafute ukiwa unaandika juu ya bandari au biashara. Omba barua ya utambulisho chuoni kabla hujaenda, chukua penseli uache kalamu ya wino, na ujipe siku tatu, si saa tatu. Maktaba Kuu ya Maisara nayo msiipite tu mkiwa njiani.

Wiki mbili kabla ya mitihani hapa hapana kiti, na mimi sina nafasi ya kukaa na mtu saa nzima. Wiki za mwanzo wa muhula, asubuhi, maktaba iko tupu. Njoo na karatasi yako uliyopewa darasani, hata kama imekunjwa, tuisome pamoja halafu twende rafuni.