Jibu: Omo (sehemu ya mbele ya boti) linadunda boti ikishika kasi

Salaam ndugu. Umesema ukivuka kilomita 60 kwa saa omo linapanda na kushuka mfululizo, ingawa maji yametulia.

Anza na trimu, yaani pembe ya mguu wa injini, ile sehemu ya chini yenye propela. Umeinua mguu wa injini kupita kiasi. Najua utamu wake: boti inakuwa nyepesi, kasi inapanda. Lakini omo likinyanyuka mno linakosa cha kuliegemeza, linaanguka, linanyanyuliwa tena. Punguza mafuta kidogo, kisha shusha trimu kwa kubonyeza mara fupi fupi hadi mdundo ukome. Usiachie mafuta ghafla. Omo litajichimbia majini. Wala usishushe trimu mpaka mwisho, maana boti inaweza kukata kona yenyewe na kurusha watu nje.

Bado inadunda? Kagua ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti. Maji yaliyomo hukimbilia tezi (nyuma ya boti) na kuinua omo. Sogeza abiria na madumu mbele.

Ikiwa inayumba kushoto na kulia, hilo ni jingine: punguza kasi, kagua usukani kama umelegea.

Na tafadhali sana, kabla ya jaribio lolote funga kamba ya kuzimia injini kwenye mguu wako mwenyewe. Boti isiyo na nahodha huzunguka na kumrudia aliyeanguka, propela ikiwa bado inakata.