Modeli yako ya sumu imefaulu? Kwanza fungua faili la data

Modeli yangu ya kwanza, yaani programu ya kompyuta ya kutabiri kama kemikali inadhuru ini, ilipata alama 0.93, ambapo 1 ni kupatia kila kitu na 0.5 ni kubahatisha. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, saa nane za usiku, feni inalia, nikajiona nimeula.

Asubuhi msimamizi wangu hakuitazama hata hiyo alama. Aliniambia nifungue faili la data, akashuka nalo taratibu, akaweka kidole kwenye mstari wa amodiakwini, dawa ya malaria. Chini sana kulikuwa na amodiakwini nyingine, mwandiko wa molekuli yake uleule herufi kwa herufi, ila mwishoni umebandikwa nukta na Cl, alama ya klorini. "Hii ni chumvi yake tu," akasema, yaani dawa ileile. Moja nilikuwa nimeifundishia modeli, nyingine nimeitumia kuipima. Mtihani ulikuwa umevuja, na aliyeuvujisha ni mimi.

Nikaondoa chumvi zote na mistari iliyojirudia. Kisha nikagawanya data upya ili molekuli zenye kiunzi kimoja, yaani umbo moja la msingi, zikae upande mmoja, zote za kufundishia au zote za kupimia. Alama ikaporomoka hadi 0.71. Inauma, lakini hiyo ndiyo ilikuwa alama yangu halisi. Kwa hiyo ukianza kazi hii, wiki ya kwanza usiguse modeli kabisa. Safisha data.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: molekuli huandikwa kama mstari wa herufi uitwao SMILES. Parasetamoli, kwa mfano, ni CC(=O)Nc1ccc(O)cc1. Programu inaugeuza mstari huo kuwa tarakimu zinazoonyesha ni vipande gani vimo ndani, halafu inajifunza ni vipande gani huandamana na sumu. Data nzuri ya kuanzia ni ya mradi wa Tox21 wa Marekani, uliofanyiwa mashindano mwaka 2014: kemikali takriban 12,000 na vipimo 12. Humo zenye madhara ni chache sana kuliko zisizo nayo, kwa hiyo modeli mvivu inayosema "salama" kwa kila kitu itaonekana hodari. Usiripoti asilimia ya majibu sahihi peke yake. Onyesha ni sumu ngapi zilizokuponyoka.

Halafu kuna suala la mipaka. Mimi nilitaka kujua habari za mwarobaini, nikaingiza azadiraktini, kemikali yake maarufu, na ndugu zake. Zote zikarudi "salama", tena kwa kujiamini. Azadiraktini ina atomi 16 za oksijeni na uzito wa molekuli wa 720, wakati data yangu ilijaa vidonge vya viwandani ambavyo vingi havifiki 500. Modeli haina haya: ukiiuliza kisichofanana na chochote ilichowahi kuona, inajibu vilevile. Miongozo ya mwaka 2004 ya OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi, inadai mipaka hiyo itajwe wazi, na ningekuwa mhakiki ningerudisha kila makala isiyoitaja. Kabla ya kusoma jibu, tafuta molekuli iliyo karibu zaidi na yako ndani ya data ya kufundishia. Kama hata hiyo iko mbali, jibu hilo liweke kando.

Kingine ni dozi. Modeli nyingi husema ndiyo au hapana, basi. Parasetamoli ikija na alama nyekundu, usishtuke wala usipuuze: ini hugeuza sehemu yake ndogo kuwa kitu kikali kiitwacho NAPQI, na kwa dozi ya kawaida glutathioni, kinga ya mwili wenyewe, hukimaliza. Mtu akizidisha, glutathioni inaisha na ini linaharibika. Hayo yote hayamo katika neno "ndiyo".

Na usitegemee modeli moja. Mwongozo wa kimataifa wa dawa uitwao ICH M7, unaohusu uchafu wa dawa unaoweza kuharibu vinasaba, unataka mbili za aina tofauti: moja ya kanuni za wataalamu, nyingine ya takwimu. Programu za VEGA, Toxtree na ProTox zinapatikana bure, kwa hiyo kisingizio cha bajeti hakipo.

Kwenye tasnifu yangu, mistari 9 kati ya 14 ya jedwali la mwarobaini imeandikwa "nje ya mipaka ya modeli". Mtahini wa nje aliuliza mbona nimeiacha kazi njiani. Nikamfungulia faili la data, nikaanza kushuka nalo taratibu.