Wiki moja inatosha visiwa vyote vitatu vya Komoro?

Dada, utakimbizana na boti tu. Chukua Ngazidja na Mwali, Nzwani iache kwa safari nyingine. Ukitoka Dar unatua uwanja wa ndege wa Hahaya, Ngazidja, si mbali na mji mkuu Moroni. Mlima Karthala, hapo hapo Ngazidja, ni volkano hai, mita 2,361. Wengi huipanda kwa siku mbili na kulala mlimani, na baridi ya kule si ya Kariakoo, beba sweta. Mwali nenda kijiji cha Itsamia usiku uone kasa wakitaga, hapo ndipo pa kukaa siku nyingi. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Beba yuro taslimu za kubadili faranga. Mayotte, kisiwa cha jirani, itoe kwenye ratiba: iko chini ya Ufaransa, viza yake nyingine kabisa.