Kuvuka kutoka Uingereza hadi Ufaransa kwa pikipiki: feri au treni ya chini ya bahari?

SWALI: Fundi, salaam. Naishi Reading na mke wangu, sote ni watu wa Mombasa. Katikati ya Novemba kuna harusi ya binamu yangu huko Brussels, nasi tunataka kwenda kwa pikipiki yangu ya 650 cc yenye maboksi matatu. Sijawahi kuvuka nayo bahari. Mimi naogopa kuiendesha ndani ya handaki refu vile, kwa moshi na kukosa hewa. Mke wangu naye kwao ni Mtongwe, na hataki hata kusikia habari ya feri. Kipi ni salama zaidi kwetu na kwa pikipiki? Na humo ndani inafungwa, au mtu anaishikilia kwa mkono? Mimi nina pasipoti ya Uingereza, yeye bado ana ya Kenya.

JIBU: Salaam nyingi, ndugu yangu, na umsalimie shemeji. Kwa safari hii pandeni treni, kwenda na kurudi. Nitaeleza sababu, maana mwezi mwingine, au kwa njia nyingine, ningekujibu tofauti.

Kwanza nikuondoe hofu ya moshi. Handaki la Mlango wa Uingereza, ile bahari nyembamba kati ya Uingereza na Ufaransa, halina barabara ndani yake. Hakuna anayeendesha gari wala pikipiki humo. Unafika kituoni Folkestone, unaingiza pikipiki kwenye behewa, unazima injini, na treni ya umeme inawabeba hadi Coquelles, kando ya Calais, kwa dakika 35 hivi. Urefu wote ni kilomita 50 na ushei, na kama kilomita 38 ziko chini ya bahari. Kwa hakika ni mahandaki matatu yanayokwenda sambamba: mawili ya treni, moja kwa kila upande, na la tatu dogo katikati kwa ajili ya mafundi na uokoaji. Hilo dogo husukumiwa hewa kwa nguvu kuliko mengine, ili moto ukitokea moshi usiingie, na kuna milango ya kukimbilia humo kila mita 375. Moto umewahi kutokea, sikufichi. Ule wa 1996 na ule wa 2008 ulikuwa mkubwa, lakini yote miwili ilianzia kwenye treni za malori, na hakufa mtu. Mabehewa ya magari madogo na pikipiki ni mengine kabisa: yamefunikwa pande zote, yana taa na kiyoyozi, na kati ya behewa na behewa kuna milango ya kuzuia moto.

Kuhusu shemeji, mimi simlaumu hata kidogo. Feri ya Mtongwe ilizama Aprili 29, 1994 na kuua watu 272. Mtu wa kwao hiyo si habari ya gazetini, ni majirani na jamaa. Handaki hili lilifunguliwa rasmi Mei 6 mwaka huohuo, wiki moja baadaye. Ukitaka kumweleza ukweli, mwambie kwamba feri za Dover ni meli kubwa za bahari kuu, zina sitaha kadhaa na milango inayofungwa kabla ya kung'oa nanga, hazifanani na vile vivuko vya Likoni. Hata huku masharti yalikazwa baada ya msiba: Machi 6, 1987 meli iliyokuwa ikitoka Zeebrugge kuja Dover iliondoka milango ya mbele ikiwa wazi, maji yakaingia sitaha ya magari, wakafa watu 193. Tangu hapo nahodha lazima awe na taa za kumwonyesha kama milango imefungwa. Basi meli hizi ni salama, nami huwapandisha watu bila wasiwasi. Lakini Novemba upepo wa Mlango ule haueleweki, na mtu mwenye hofu kama yake, akikaa saa moja na nusu ndani ya meli inayoyumba, atashuka Calais amechoka mwili na akili. Halafu apande nyuma yako kilomita 200. Abiria aliyechoka ni hatari kwa dereva kuliko mvua.

Sasa tuje kwenye pikipiki yenyewe, maana hapa ndipo tofauti iko. Treni inapoondoka na inapofunga breki, nguvu inaisukuma pikipiki mbele na nyuma. Meli inaisukuma ubavuni. Pikipiki iliyoegemea stendi ndogo inavumilia msukumo wa mbele na nyuma vizuri kabisa, mradi iko kwenye gia na gurudumu haliwezi kubingirika. Msukumo wa ubavuni ndio unaoiangusha. Ndiyo maana kwenye treni pikipiki haifungwi, na melini ni lazima ifungwe.

Kwenye treni utafanya hivi. Wafanyakazi watawapanga nyinyi wa pikipiki pamoja, na mtaingia kwa utaratibu wao. Ukishaelekezwa pa kusimama, weka gia ya kwanza kabla ya kuzima, teremsha stendi ndogo, kisha isukume mbele taratibu mpaka uhisi injini imeishika. Ukiiacha kwenye nyutro, stendi inaweza kujikunja treni ikianza kuvuta. Zaidi ya hapo, mimi huwashauri watu wabebe kamba fupi ya mpira au kipande cha mkanda, wafunge breki ya mbele kwenye hendeli. Hiyo ni breki ya mkono ya bure. Viti hamna. Mtasimama kando ya pikipiki au mtakaa sakafuni, na mnatakiwa mbaki nayo. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba huishikilii safari nzima, ila unakuwa karibu nayo, mkono ukiwa huru kuigusa treni ikipunguza mwendo. Masikio yanaweza kuziba kidogo kama kwenye ndege. Mwambie shemeji ameze mate.

Melini kazi ni nyingine, na nakueleza kwa sababu ipo siku utaihitaji. Mabaharia watakuelekeza mahali penye pete za chuma sakafuni. Stendi ndogo tena, gia ya kwanza, usukani umekunjwa kushoto. Wengi hudhani stendi kubwa ya katikati ndiyo imara zaidi kwa sababu pikipiki inasimama wima. Melini sivyo: imesimama juu ya miguu miwili iliyokaribiana, gurudumu moja liko hewani, na meli ikiinamisha pua, pikipiki inaweza kusonga mbele na kushuka kwenye stendi. Juu ya siti weka kitambaa kinene au kipande cha godoro. Mkanda unatoka kwenye pete ya upande mmoja, unapita juu ya siti, unashuka kwenye pete ya upande wa pili, kisha unakazwa mpaka uone shokapu za nyuma zimeshuka kidogo. Hapo simama, itikise kwa mkono. Ikitikisika pamoja na sakafu, yaani hakuna mchezo kati yake na chuma, inatosha. Ukiendelea kukaza utaharibu siti na kuiumiza stendi. Usikubali mkanda upitishwe juu ya plastiki za pembeni, bomba la moshi au mabomba ya breki. Mabaharia wengine hukufungia, wengine hukuachia rundo la mikanda yenye chumvi na kutu waende zao. Kwa hiyo beba wako mmoja. Kama pikipiki ina king'ora cha kuhisi mtikisiko, kizime kabla ya kuondoka, la sivyo kitalia njia nzima na betri utaikuta imekufa. Wewe mwenyewe hutakuwepo kukizima, maana abiria hawaruhusiwi kubaki sitaha ya magari meli ikiwa safarini.

Hatari kubwa kwa mtu mgeni, mzee, haiko baharini. Iko kwenye mita 50 za kupanda na kushuka. Chuma kilicholowa mvua au maji ya chumvi, kimemwagikiwa na oili ya malori, huteleza kama sabuni, nawe una abiria nyuma na maboksi matatu. Pita polepole, gia ya kwanza, ukicheza na klachi na breki ya nyuma. Breki ya mbele usiiguse usukani ukiwa umekunjwa. Kila mahali penye muungano wa bamba za chuma, vuka ukiwa umenyooka, usivuke kwa mshazari. Macho mbele, si chini ya gurudumu. Shemeji akae palepale, asitoe mguu kusaidia. Mguu wa abiria ukigusa chini wakati wewe unatafuta mizani, ndipo mnapoanguka. Ndani ya treni sakafu haina mteremko, ila ni nyembamba na kuna kona kali ya kuingilia behewani. Tafuteni uwanja wa maegesho ulio wazi Jumapili moja, fanyeni mazoezi ya kugeuka mwendo wa mtu anayetembea, mkiwa wawili na maboksi yamejaa. Hilo litawasaidia kuliko ushauri wangu wote.

Utauliza bei. Kwa kawaida treni ni ghali kuliko feri ya Calais, ingawa pikipiki hulipa chini ya gari. Tofauti ni kwamba treni wanatoza chombo, na abiria wako yumo humohumo kwenye tikiti, wakati feri huhesabu chombo na watu. Linganisha jumla ya nyinyi wawili, usilinganishe bei ya kwanza unayoiona. Tikiti ikinunuliwa mapema hushuka sana.

Ipo feri moja ambayo ingenitia shaka na uamuzi wangu, kama shemeji angekuwa hana hofu: ile ya Dover hadi Dunkerque. Inachukua kama saa mbili, lakini inakushusha karibu zaidi na Ubelgiji, kwa kama kilomita 30, na saa mbili hizo unakula chakula cha moto, unavua viatu, unanyoosha mgongo. Dereva anayetoka mbali, tuseme Manchester au Glasgow, mapumziko hayo yana thamani kubwa. Wewe unatoka Reading, kama kilomita 170 tu hadi Folkestone, kwa hiyo huyahitaji sana. Na anayekwenda Normandy au Hispania simshauri treni kabisa. Apande meli Portsmouth, alale chumbani, aamke yuko karibu na anakokwenda, matairi yake hayajala lami ya Ufaransa bure.

Faida nyingine ya Folkestone ni kukwepa upepo. Barabara ya A20 kutoka hapo hadi Dover inapita juu ya majabali mahali palipo wazi, na pikipiki yenye maboksi hupokea dhoruba kama tanga. Ukiishia Folkestone unatoka barabara kuu ya M20 kwenye makutano namba 11A, unaingia kituoni moja kwa moja. Upande wa pili unatoka kituoni na dakika chache tu uko kwenye A16 ya kuelekea Dunkerque na Ubelgiji, na hadi Brussels hakuna pa kulipia barabara. Huo wepesi una mtego wake: unakuta uko barabara kuu ya mkono wa kulia kabla akili haijageuka. Kituo cha kwanza cha mafuta simama, mnywe chai, ndipo muendelee.

Mavazi yasiwe ya kubahatisha. Ufaransa inawataka dereva na abiria wavae glavu zenye alama ya CE, ile ya viwango vya Ulaya, na uwe na kizibao cha kung'aa ndani ya mzigo. Ubelgiji inataka zaidi: glavu, jaketi la mikono mirefu, suruali ndefu na viatu vinavyofunika vifundo vya miguu, kwenu nyote wawili. Nguo za harusi ziende kwenye maboksi. Nyuma bandika alama ya UK, kwani ile ya GB haitumiki tena tangu Septemba 2021. Beba hati ya usajili yenyewe, si nakala. Kadi ya kijani ya bima haihitajiki tena, lakini pigia simu bima yako uulize kama nje ya Uingereza wanakupa bima kamili au ile ya kuwalipa wengine tu.

Sasa pasipoti ya shemeji. Kibali chake cha kuishi Uingereza hakimpi ruhusa ya kuingia Ufaransa wala Ubelgiji, na kuolewa na Mwingereza siku hizi hakubadilishi hilo. Anahitaji viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya. Kwa kuwa mnakokwenda hasa ni Ubelgiji, maombi yapelekwe kwa Wabelgiji, ingawa mtaingilia Ufaransa. Dirisha la maombi hufunguka miezi 6 kabla ya safari na hufungwa siku 15 kabla, na miadi huadimika, hivyo msingoje Oktoba. Polisi wa Ufaransa wanakagua pasipoti hapohapo Folkestone, kabla hujapanda, na ndivyo ilivyo Dover pia. Asiye na viza hurudishwa akiwa bado upande wa Uingereza. Mfumo mpya wa Ulaya wa kuchukua picha na alama za vidole, ulioanza kwa awamu Oktoba 12, 2025, unawahusu nyote wawili, hata wewe mwenye pasipoti ya Uingereza. Glavu na helmeti mtavua, foleni inaweza kuwa ndefu, basi fikeni saa moja na nusu kabla. Wakati wa kurudi maofisa wa Uingereza watamkagua shemeji Coquelles, kwa hiyo kabla hamjaondoka Reading aingie kwenye akaunti yake ya viza ya mtandaoni, ahakikishe pasipoti iliyoandikwa humo ni hiyohiyo aliyoishika mkononi.